Jina Kwanza, Jiwe Baadaye

 

Leo naomba mshike tarehe moja, na mwenye kalamu aiandike: tarehe 31 Desemba 1947. Kwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, hiyo ndiyo siku Vita Kuu ya Pili ilipofungwa kwa hesabu ya wafu. Bunduki zilinyamaza mwaka 1945, lakini mlango wa hesabu uliachwa wazi miaka miwili na zaidi, kwa kuwa majeraha na maradhi ya vitani yaliendelea kuua hata baada ya amani kutangazwa. Askari aliyefariki akiwa bado jeshini, kati ya tarehe 3 Septemba 1939 na siku hiyo, anahesabiwa kuwa mfu wa vita, hata kama aliuawa na lori lililopinduka akiwa njiani kurudi kambini. Na yule aliyekwisha kuachishwa jeshi, akarudi kwao na kifua kilichoharibikia Burma, akafia kitandani mwa mama yake kabla ya siku hiyo, naye anahesabiwa, mradi upatikane ushahidi kwamba kilichomuua kilitokana na kazi ya jeshi. Kwa Vita Kuu ya Kwanza, mlango ulifunguliwa tarehe 4 Agosti 1914, ukafungwa tarehe 31 Agosti 1921.

Nawatajia tarehe hizi mapema kwa sababu wengi wetu tunadhani makaburi ya askari ni yale tu yaliyozungushiwa uzio. Tunapita kando ya makaburi ya Barabara ya Jinja hapa Kampala, tunajua kwamba humo mna makaburi yanayotunzwa na Tume, na kwamba Jinja kwenyewe yako mengine, kisha tunaona habari imekwisha. Haijaisha. Mfu wa vita anaweza kuwa amelala katikati ya migomba Bulemeezi au Buddu, chini ya mwembe Lango, au nyuma ya nyumba ya udongo Busoga, na wajukuu zake wakawa wanajua kabisa kwamba huyu alikuwa askari wa jeshi la Keya, wasijue kwamba yupo mtu anayepaswa kuliandika jina lake.

Tuanze na vita ya kwanza, maana huko ndiko deni lilikoanzia.

Mwaka 1914 mpaka wa kusini wa Uganda ulikuwa mpaka na Wajerumani. Mto Kagera ukawa uwanja wa mapigano. Mwezi Juni 1915 majeshi ya Waingereza yalivuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu, yakauteka mji wa Bukoba kwa muda na kuondoka. Waganda, Wanubi wa Bombo, Waacholi, Walango na wengineo waliingia katika kikosi cha nne cha jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya tu. Lakini kwa kila aliyeshika bunduki walihitajika wengine kadhaa wa kumbebea risasi, chakula na mahema, kwa sababu mbung'o waliua farasi na ng'ombe, na barabara hazikuwepo. Hao ndio wapagazi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zinalitunza jina la jeshi lao, Carrier Corps, hadi leo. Uganda ilitoa wapagazi kwa makumi ya maelfu. Wengine, mwaka 1916, walipewa mizigo ya jeshi la Wabelgiji lililokuwa likitoka Kongo kwenda kuuteka mji wa Tabora.

Waliuawa na nini hasa? Wengi hawakupigwa risasi. Mtu aliyelelewa kwa matoke aliwekwa kwenye posho ya mahindi iliyosagwa vibaya, hana muda wa kuipika ikaiva, hana maji safi, analala kwenye tope akiwa na blanketi moja. Tumbo likaharibika, akaanza kuhara damu. Aliyenusurika na tumbo alipatwa na nimonia au malaria. Idadi inayotajwa sana na wanahistoria, kwa upande wa Waingereza peke yao, ni zaidi ya wapagazi 95,000 waliokufa. Wengi walizikwa pale walipoangukia, na msafara ukaendelea.

Sasa, mwaka 1917, vita ikiwa bado inaendelea, Waingereza waliunda Tume ya kuwazika wafu wao wa vita na kuwakumbuka. Mwanzilishi wake, Fabian Ware, aliisimamisha juu ya kanuni ambayo mimi naiheshimu mpaka leo: kila aliyekufa atakumbukwa kwa jina lake, ama juu ya jiwe la kaburi lake, ama kwenye mnara, bila kubagua cheo, rangi wala dini. Ufaransa na Ubelgiji kanuni hiyo ilifuatwa kwa namna inayomshangaza kila anayekwenda kutazama. Jenerali na mtoto wa mchimba makaa wamelala sambamba, chini ya mawe ya kimo kimoja.

Afrika Mashariki kanuni hiyohiyo ilivunjwa. Katika miaka ya 1920 maafisa wa Tume na wakuu wa makoloni walikubaliana kwamba makaburi ya Wazungu yatunzwe, na makaburi ya askari na wapagazi Waafrika yaachwe yarudiwe na pori. Badala ya majina, ijengwe minara michache ya kuwakumbuka wote kwa mkupuo. Hoja iliyotolewa na baadhi yao ni kwamba Mwafrika hana desturi ya kujali kaburi, kwa hiyo hataelewa faida ya jiwe.

Wasikilizaji, hoja hiyo iliandikwa kuhusu nchi hii pia. Kuhusu Buganda, ambako kila ukoo una butaka yake, yaani ardhi ya asili, na kila mtu akizaliwa inajulikana biggya vya kwao, yaani makaburi ya ukoo, viko kilima gani. Ambako maiti husafirishwa usiku kucha ili ikalale na babu zake. Ambako kilio hakifungwi mpaka ifanyike lumbe, yaani hafla ya kuhitimisha msiba, na mrithi avikwe kanzu mbele ya ukoo mzima. Mtu aliyekaa nchini mwezi mmoja tu na macho wazi angejua kwamba hapa kaburi ni jambo zito. Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba ilikuwa ni kutojua desturi. Walipunguza gharama, na ubaguzi ukawapa kisingizio.

Minara yenyewe tunayo. Ya Mombasa na Dar es Salaam ilisimamishwa mwaka 1927, ya Nairobi mwaka 1928. Sanamu za askari na wapagazi ni nzuri, na maandishi yamechongwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Maandishi hayo yanamwahidi askari kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Zungukeni mnara huo kwa upande wowote mtakao. Jina hata moja halipo.

Miaka karibu 100 ilipita kabla ya wenyewe kukiri. Mwaka 2019 mbunge wa London, David Lammy, alionyesha kwenye televisheni ya Uingereza makaburi ya Voi, nchini Kenya, ambako Wazungu wamelala ndani ya uzio chini ya mawe yao na wapagazi wamelala nje, porini, bila alama. Tume ikaunda kamati ya uchunguzi, nayo ikatoa ripoti mwezi Aprili 2021. Ripoti ilisema kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao kutoka India, Afrika Mashariki, Afrika Magharibi, Misri na Somalia, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Tena ikasema kwamba wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa hao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza wakati huo, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni tarehe 22 Aprili 2021.

Hebu rudieni tofauti iliyopo kati ya 116,000 na 350,000. Kati ya namba hizo mbili kuna watu zaidi ya 200,000. Mji mzima wa watu, na hatuna uhakika kama tuwahesabu au tusiwahesabu! Tofauti hiyo haitapungua kwa kuchonga mawe mengine. Itapungua kwa mtu kukaa chini na kutafuta majina, moja moja.

Je, majina yaliwahi kuandikwa? Yaliandikwa. Idara iliyosimamia wapagazi wakati wa vita, chini ya Oscar Watkins, ilikuwa na utaratibu wa kuwaandikisha. Mpagazi alipewa namba, akavishwa kipande cha chuma chenye namba hiyo, na mshahara wake ukafuatiliwa kwa namba hiyo. Baada ya vita, mishahara ya waliokufa ambayo haikuchukuliwa na jamaa zao ilibishaniwa miaka mingi kati ya wakuu wa Afrika Mashariki na London. Nawauliza: mnawezaje kubishania mshahara wa marehemu ambaye hamna jina lake wala hesabu ya siku zake? Karatasi zilikuwepo. Nyingine ziliharibiwa, nyingine zilisahauliwa kwenye mashubaka.

Na mashubaka bado yanafunguka. Katika miaka ya karibuni Tume na Jeshi la Kenya walipitia nyaraka za zamani zilizokuwa mikononi mwa jeshi hilo, zilizodhaniwa kuwa zimekwisha kupotea, wakapata majina zaidi ya 3,000 ya watu waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza ambao hawakuwahi kuwekwa kwenye kumbukumbu yoyote. Keya ilikuwa jeshi moja lililovuka mipaka yote hii tunayoijua sasa. Kijana wa Mubende aliweza kuandikishwa huku, akahamishwa Nairobi, akafia kusini mwa Tanganyika au Msumbiji. Kwa hiyo anayemtafuta babu yake wa Uganda asiishie kwenye nyaraka za Uganda.

Nije basi kwenye mambo ya kufanya, maana nimepata maswali mengi kuhusu namna ya kutafuta, na wengi huanzia mahali pasipofaa. Wanaanza kwa kutafuta kaburi. Mimi nasema anza na jina. Kaburi bila jina utalipiga picha tu. Jina, hata bila kaburi, linaweza kuandikwa.

Jina lenyewe lina mitego. Tahajia ya Luganda tunayoitumia leo ilikubaliwa mwaka 1947, yaani baada ya vita zote mbili. Kabla ya hapo Ssekitoleko aliandikwa kwa S moja, Ddamulira kwa D moja, na karani wa jeshi, aliyekuwa Mzungu, Mgoa au mtu wa pwani, aliandika alivyosikia. L na R zilibadilishana viti. Mwenye majina mawili alibakiwa na moja pamoja na jina la baba. Wapo walioandikishwa kwa jina la Kiswahili walilopewa na sajini wao kambini, na wapo waliojiandikisha kwa jina la ndugu yao. Ukipekua orodha kwa tahajia moja tu ukakosa, usiseme hayupo.

Jina la ubatizo nalo lina faida yake. Ukiambiwa alikuwa Yozefu au Yowana, nenda parokia ya Kikatoliki. Ukiambiwa alikuwa Yusufu au Yokana, mara nyingi nenda kwa Waanglikana. Mapadri wa White Fathers walikuwa waandishi hodari. Parokia kama Villa Maria, iliyoanzishwa 1892 kule Buddu, ilikuwa na madaftari ya ubatizo miaka mingi kabla ya vita, na daftari la ubatizo la Kikatoliki humtaja baba, mama na msimamizi, na pembeni mwake huongezwa ndoa, wakati mwingine hata kifo. Jina limeandikwa kwa Kilatini, kwa hiyo Kaloli wako umtafute kwa Carolus. Nenda kwa adabu, mwombe paroko, osha mikono, usipige picha bila ruhusa. Madaftari hayo ni mazee kuliko sote.

Kisha kuna hospitali. Mengo, iliyoanzishwa na Albert Cook mwaka 1897, ilipokea wagonjwa na majeruhi wa Vita Kuu ya Kwanza, na kumbukumbu zake za kitabibu zimehifadhiwa katika maktaba ya tiba ya Makerere inayoitwa kwa jina la daktari huyohuyo. Kuna nyaraka za taifa, zilizokaa miaka mingi kwenye chumba cha chini kule Entebbe hadi wasomi na wahifadhi wetu walipozipanga upya, na sasa ziko kwenye jengo lake Barabara ya Lourdel, Nakasero. Humo mna barua za maafisa wa wilaya, na barua za maafisa wa wilaya ndizo zinazoeleza ni wangapi waliochukuliwa kutoka gombolola gani.

Na nyumbani kwenu, fungueni masanduku. Medali ya Vita Kuu ya Kwanza, ile ya fedha yenye kichwa cha Mfalme George, imechongwa ukingoni namba ya mwenyewe, jina lake na kikosi chake. Isogezeni kwenye mwanga, mzungushe ukingo. Herufi ni ndogo sana, na medali ikisuguliwa kwa mchanga miaka mingi zinafutika, kwa hiyo msisugue tena. Medali za vita ya pili, kwa mfano nyota ya Burma, kwa kawaida hazina jina. Kwa hizo mtahitaji cheti cha kuachishwa jeshi, barua, au picha yenye maandishi nyuma.

Sasa nifike kwenye ushahidi ninaoupenda kuliko wote, ambao hauko kwenye shubaka lolote.

Mtu alipokufa mbali na mwili usirudi, familia nyingi za Uganda hazikukubali iwe basi. Walikata shina la mgomba, wakalivika nguo yetu ya gome la mti, yaani lubugo, wakalizika kwenye makaburi ya ukoo kama wanavyomzika mtu, wakalia, wakamaliza. Majirani zetu Wajaluo huzika tunda la yago, lile refu la mwegea, kwa maana ileile. Kwa hiyo kwenye biggya kuna makaburi ambayo ndani yake hamna mifupa, na wazee wanayajua. Watakuambia: hapa tulimzika fulani, lakini mwenyewe alibaki Burma. Maneno hayo mawili matatu ni kumbukumbu ya mazishi kwa kila hali. Yana jina, yana mahali alikofia, yana mashahidi. Kinachokosekana ni mtu wa kuyaandika na kuyalinganisha na orodha ya jeshi.

Tarehe je? Mzee hatakutajia tarehe, na usimsumbue kwa tarehe. Muulize kilichokuwa kikitokea. Habari ya kifo ilifika kabla au baada ya Kabaka Daudi Chwa kufariki? Huo ni Novemba 1939. Ilikuwa wakati wa migomo ya Buganda? Hiyo ni Januari 1945. Kabaka Mutesa alikuwa amekwisha kuoa? Harusi ilikuwa Novemba 1948, na hapo unajua kwamba kwa Tume mlango ulikuwa umefungwa. Kwa vita ya kwanza, Busoga wanaikumbuka njaa ya 1918 na 1919, na kila mahali waliikumbuka homa kuu ya mafua iliyokuja miezi hiyohiyo. Kwa njia hii unaweza kuusogeza mwaka mpaka ukaushika.

Kwa Vita Kuu ya Pili kazi ni nyepesi kidogo, kwa sababu majina mengi yaliandikwa. Waganda wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 70,000, nikimaanisha watu wa Uganda yote, waliingia jeshini. Kikosi cha nne kilikwenda hadi Burma katika divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakashuka bonde la Kabaw kwenye mvua na tope la mwaka 1944 hadi mto Chindwin. Nje kidogo ya Yangon, mahali paitwapo Taukkyan, pana makaburi ya vita na mnara wenye majina takriban 27,000 ya wasio na kaburi linalojulikana, na humo wamo wa kwetu. Wengine hawakufika. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama kwa dakika chache. Watu 1,297 walikufa, wakiwemo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Majina yao yako Nairobi, kwenye mnara ulio ndani ya makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong. Orodha ya Tume iko wazi kwenye intaneti bila malipo, na kijana yeyote mwenye simu anaweza kumsomea bibi yake.

Nina neno kuhusu Luweero, kwa sababu huko ndiko kazi hii inakuwa ngumu kweli. Bombo iko ndani ya wilaya hiyo. Wanubi wa Bombo ni wazao wa askari wa Sudani waliokuja na Lugard, afisa Mwingereza, mwaka 1891, na kwa vizazi kadhaa walikuwa moyo wa Keya. Makaburi yao ni ya Kiislamu, hayana mapambo, mengi hayana maandishi. Ukitaka kujua nani amelala wapi unakaa na wazee wao, mnaongea Kinubi au Kiswahili, kile Kiswahili kilichokuwa lugha ya jeshi.

Lakini ukisogea ndani zaidi ya Bulemeezi, ukauliza makaburi ya askari, utaulizwa: askari wa vita gani? Ardhi hiyohiyo ilibeba vita ya msituni kati ya 1981 na 1986. Vita ilipokwisha, mafuvu yalipangwa mezani kando ya barabara, ulimwengu ukaja kuyapiga picha. Baadaye yalizikwa kwa pamoja kwenye maeneo ya kumbukumbu. Kwa wengi wao, raia na wapiganaji, hakuna aliyejua fuvu lipi ni la nani. Mtafiti anayekuja na daftari kutafuta mtu wa 1944 anawagusa watu ambao kidonda chao ni cha 1983. Anapaswa kusikiliza cha 1983 kwanza, hata kama sicho kilichomleta. Na aseme wazi tangu mlangoni kwamba hatafuti ardhi, hatachimba kitu, na hana fidia ya kugawa, kwa sababu Tume haitoi fidia. Nimeona matumaini ya watu yakichezewa kwa ahadi za namna hiyo, na ni dhambi.

Majirani zetu Watanzania wametuonyesha jambo. Askari wao waliokufa katika vita ya 1978 na 1979, vita iliyomwondoa Amin, wana makaburi yao Kaboya, wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Mahali panajulikana, panaheshimiwa, na familia inayo pa kwenda. Hata mwaka 1968 pale Dar es Salaam, barabara mpya ilipotaka kupita kwenye makaburi ya Ocean Road, makaburi 660 ya Vita Kuu ya Kwanza yalihamishiwa Barabara ya Bagamoyo. Yaliweza kuhamishwa kwa sababu yalikuwa kwenye orodha. Nalifikiria jambo hili kila ninapoona tingatinga likifungua barabara mpya au mtaa mpya huku kwetu, na kila kibanja kinapouzwa pamoja na makaburi yake, mnunuzi akaahidi kwa mdomo kwamba hatayagusa. Kisichoandikwa hakihamishwi. Kinasawazishwa.

Mwezi Januari 2025, Cape Town ilizinduliwa kumbukumbu ya zaidi ya watu 1,700 weusi wa Afrika Kusini waliokufa wakilitumikia jeshi kwa kazi za mikono, wengi wao hapa Afrika Mashariki. Haikujengwa kwa marumaru. Kila mtu amepewa nguzo yake ya mti wa mvule, na juu yake jina na tarehe ya kufa. Mvule, wasikilizaji, mti huu wetu wa Busoga na Buganda! Nilipoiona picha nilisema hili linawezekana kwenye makao ya saza yoyote Uganda. Lakini wao walikuwa na majina 1,700 kabla ya kukata mti wa kwanza.

Wapo watakaonijibu kwamba hao walipigana vita ya Waingereza, na Uganda huru haina haja ya kuwasimamishia nguzo. Hoja hiyo naielewa, na nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu. Lakini wengi wa wapagazi hawakujitolea. Chifu alipewa idadi ya watu wa kutoa, akawatoa. Aliyebaki na watoto wanne na shamba lisilolimwa alikuwa mwanamke wa Bulemeezi, wa Kigezi, wa Teso. Kumwandika mumewe ni kumwandika yeye pia. Ningependa hata jina la mjane liwekwe kwenye orodha, pale linapojulikana.

Gharama ya kuanza si kubwa. Daftari lenye jalada gumu, kijana mmoja wa kila gombolola anayesoma mwandiko wa zamani, nauli ya boda boda, na barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa LC na kwa mkuu wa ukoo. Andikeni jina kwa tahajia zote mlizosikia, jina la baba, ukoo, kijiji, mwaka au tukio, alikofia, na kama kuna kaburi, lina nini ndani yake: mwili, au shina la mgomba. Nakala moja ibaki kwa ukoo, ya pili ipelekwe makao ya saza, ya tatu iletwe Barabara ya Lourdel ipewe namba. Wale wenye ushahidi unaotosha kwa masharti ya Tume, wapelekewe Tume. Wasiotosha wabaki kwenye orodha ya saza, kwa sababu orodha hiyo ni yetu na masharti yake tutayaweka wenyewe.